Samaki wa Mama Mkwe

Maneromango, Kisarawe
Ijumaa, 3 Mei 2024

Mwanangu Tunu,

Nimeota samaki. Nisikuzungushe, nimeanza na hilo hilo.

Nilikuwa nimeswali alfajiri, nikajinyoosha kidogo kitandani, ukungu umejaa mpaka mlangoni. Nikaona maji yanapanda kutoka bondeni, yanaingia uani bila kelele, meupe kama tui la kwanza. Ndani yake samaki mmoja mkubwa anapita taratibu kati ya mashina ya mihogo. Akafika dirishani kwangu, akasimama, akanitazama. Nikaamka nacheka peke yangu, mpaka Kondo akaja kuchungulia mama yake amepatwa na nini.

Mtu mzima akiota samaki, ndani ya ukoo kuna mimba. Mabinti sina, na mke wa mwanangu ni wewe tu. Lakini sikuulizi kitu, nakupa habari za ndoto yangu, basi.

Simu usinipigie. Masikio yangu unayajua. Mumeo Hashiru akipiga naishia kusema "eeh, eeh", hata akiniambia nyumba inaungua. Kalamu ndiyo mkombozi wangu. Mwalimu wetu wa elimu ya watu wazima alisema mwandiko wangu unasomeka kuliko wake, na hakuwa akitania.

Onesmo anakuja Maili Moja kila Ijumaa na gari lake la mihogo, atakupa kapu. Humo mna papa mkavu. Kondo amemchagua mwenyewe kwa muuzaji. Shemeji yako huyo maneno yake hayafiki ishirini, na umri wake miaka thelathini na minane, lakini samaki anamjua kwa kumnusa tu. Mloweke usiku kucha, umkamulie ndimu, umtie nazi.

Safari ile mimba yako ilipotoka sikuwa nimekuletea chochote. Nilikaa huku nangoja niitwe, eti nisionekane mama mkwe wa kujipendekeza. Mwaka wa pili huu jambo hilo limenikaa kifuani. Safari hii utakula. Kwetu mja mzito hula papa, mtoto apate mifupa na mama apate maziwa. Mama yangu alikula, na mimi nilikula.

Mimi mama yako,
Kidawa


Maili Moja, Kibaha
Alhamisi, 9 Mei 2024
(Rasimu. Haijatumwa.)

Shikamoo mama,

Ndoto yako ni ya kweli. Ni miezi minne sasa. Hashiru anajua, wewe umejulishwa na samaki, na mtu wa tatu ni nesi Atupele wa kliniki. Nilikuwa naogopa kusema. Nilihisi nikilitamka tu, litaondoka tena.

Mama, yule papa sikumla.

Jumatatu nilikwenda kliniki, nesi Atupele akaniuliza nakula nini. Nikajisifu kwamba mama mkwe ameniletea papa. Akaweka kalamu chini. Akaniambia baharini kuna zebaki kidogo sana, inaingia kwenye visamaki. Samaki wa kati anakula visamaki, mkubwa anamla wa kati, na papa anaishi miaka mingi akiwala wote. Zebaki yote inabaki kwenye nyama yake. Kuanika hakuitoi, chumvi haiitoi, moto hauitoi. Mama akila, inapita mpaka kwa mtoto tumboni na kugusa ubongo wake unaojengwa. Mtoto anaweza kuchelewa kutembea, kuchelewa kusema. Akanikataza papa kabisa, mimi na mtoto mdogo yeyote.

Aliposema "kuchelewa kusema" nikamkumbuka shemeji Kondo. Mama, hii barua nitaitumaje? Utaisoma, utainua macho, na yeye atakuwa amekaa hapo mbele yako.

Na kumtupa samaki uliyeniletea kwa moyo ule nilishindwa. Kukurudishia nako ni kukutukana. Nimempa jirani yangu Vailet. Sikumwambia sababu, maana angesema nakitangaza vibaya chakula cha mama mkwe. Alifurahi, akanikumbatia.


Maili Moja, Kibaha
Ijumaa, 10 Mei 2024

Shikamoo mama,

Ndoto yako ni ya kweli. Ni miezi minne.

Papa tumempokea na alikuwa mtamu mno, mama. Nimekula mpaka nimefuta sufuria kwa kidole. Hashiru amelalamika kwamba hakubakiziwa.

Siku hizi usingizi unanichukua popote. Jana masjala nililala juu ya majalada, nikaota nimekaa ndani ya bakuli la maziwa ya uvuguvugu, na mtu nisiyemwona ananiimbia kwa sauti ndogo. Bosi akanigonga begani. Badala ya kugomba akaniletea chai, nikajua kumbe ofisi nzima wameshaniona.

Katika kapu nimeweka kanga na sabuni. Msalimie shemeji Kondo, mwambie anajua kuchagua.

Mwanao,
Tunu


Maneromango, Kisarawe
Ijumaa, 31 Mei 2024

Mwanangu Tunu,

Nilipofika kwenye sufuria na kidole nilipiga kigelegele nikiwa peke yangu, kuku wakakimbia. Kumbe mke wa mwanangu ni mwenzangu! Basi leo Onesmo anakuletea papa wawili. Na usimbanie Hashiru, maskini ya Mungu.

Nakaa uani mchana, mihogo imeanikwa, jua la ukungu, na mawazo yananipeleka mbali. Namwona mjukuu. Simwoni uso, namwona mgongo tu, anatambaa kuelekea nilipo, na mimi namkunjulia kanga. Nimejiapia akitimiza miezi sita nitakuja Kibaha na unga wangu wa lishe. Mahindi, karanga, na papa niliyemtwanga mwenyewe kwenye kinu mpaka awe vumbi. Huo unga ndio uliomkuza Kondo. Hashiru hakuupata, kipindi kile bibi yao mzaa baba alikuwa mgonjwa na mimi sikuwa na nafasi ya kutwanga, akakulia dagaa na mchicha. Lakini Kondo alikuwa wa kwanza, alikula kila siku. Mtazame alivyo na kifua!

Alichelewa kusema, ndiyo. Miaka mitano hajaniita mama. Walinambia shetani amemkalia ulimi, nikazunguka naye kwa waganga mpaka viatu vikaisha. Siku moja ya mvua, ana miaka sita, akanishika upindo wa kanga akasema "maji". Nililia, Tunu. Mpaka leo mvua ikianza mimi namtazama yeye.

Mimi mama yako,
Kidawa


Maili Moja, Kibaha
Ijumaa, 14 Juni 2024

Shikamoo mama,

Barua hii nimeiandika mara nyingi nikaichana. Leo naituma, na ninakuomba uisome umekaa.

Nilikudanganya. Papa wako sikuonja hata kipande. Yule wa kwanza na wale wawili wa juzi, wote nilimpa Vailet, jirani yangu tunayepakana ukuta. Yeye ana mtoto, Joel, mwaka na nusu.

Jumamosi nilikuta Vailet anamlisha Joel uji mlangoni. Nikauliza uji wa nini unanukia hivi. Akacheka, akasema, "Si wa mama mkwe wako! Papa namtwanga, namchanganya kwenye unga, mtoto analamba mpaka bakuli." Wiki ya tano hiyo, mama, kila siku asubuhi na jioni. Nikakaa chini pale pale vumbini.

Nesi alikuwa ameniambia papa ana zebaki nyingi, na kwamba inadhuru ubongo wa mtoto mchanga na aliye tumboni. Nilijua tangu mwanzo. Wangu nilimkinga, wa mwenzangu nikampelekea kwa mikono yangu, kwa sababu niliona aibu kukwambia wewe ukweli na kumwambia yeye ukweli. Nilidhani atapika mchuzi, watu wazima wale, yaishe.

Tulimpeleka Joel kliniki siku ile ile. Nesi Atupele amesema wiki tano si miaka, tuache mara moja, mwili wa mtoto unaitoa zebaki taratibu kwa miezi. Anacheza vizuri, anashika vitu vizuri. Ila amesema ataendelea kumwangalia, hasa kusema kwake, maana bado hajaanza maneno.

Vailet aliniambia neno moja tu njiani: "Wako unamficha, wangu unamlisha." Tangu siku hiyo hanisalimii. Nasikia Joel akilia upande wa pili wa ukuta na siwezi kwenda.

Nisamehe, mama. Na ule unga wa lishe, tafadhali, usiutwange.

Mwanao,
Tunu


Maili Moja, Kibaha
Ijumaa, 5 Julai 2024

Shikamoo mama,

Ijumaa ya tatu hii Onesmo anakuja mikono mitupu. Nikimuuliza anasema, "Mama yupo, ananitazama tu, kisha anaingia ndani." Ni afadhali unitukane. Nimezoea kufungua kapu na kukuta mwandiko wako.

Mtoto sasa anacheza kwa nguvu tumboni. Nilikuwa nimelala mchana, kati ya usingizi na macho, nikadhani ni mtu ananigongea kutoka chumba cha jirani, nikaitika "karibu".

Tunu


Maneromango, Kisarawe
Ijumaa, 12 Julai 2024

Tunu,

Barua yako nimeisoma mara nne, sikutafuta jingine ila jina la Kondo. Kila barua yako lazima umsalimie. Katika ile hayumo. Umeandika Joel, umeandika wako, umeandika zebaki, ukamruka mwanangu kama mtu anayeruka dimbwi. Hapo ndipo nilipoelewa. Ungemsalimia tu, pengine nisingeelewa.

Zebaki naijua. Zamani zahanati yetu ilivunjikiwa na kipimajoto, watoto wakacheza na vile vishanga vya fedha sakafuni. Sasa nasinzia mchana naviona chumbani kwangu. Vimejaa, vinateleza, vinang'aa, nami navikimbiza na ufagio. Nikivikusanya vinagawanyika. Kondo yumo, mdogo, mtupu, anavicheka, ananyoosha mkono avitie mdomoni. Naita na sauti haitoki. Nikiamka yuko mlangoni, mtu mzima mwenye mvi mbili, ameniletea maji ya kunywa.

Nimepiga marufuku samaki nyumbani kwangu. Hata dagaa. Jumanne nilimkuta jirani yangu Zubeda anamlisha mjukuu wake dagaa, nikamnyang'anya mtoto tonge mdomoni. Zubeda anasema nimerukwa na akili. Labda.

Sikukasirika kwa uongo wako, au nimekasirika, sijui. Ila nina swali moja, na huyo nesi wako anijibu. Je, ni mimi? Kile kinywa kisicho na maneno, ile miaka ya waganga, watoto waliokuwa wakimrushia mawe barabarani. Ni mimi niliyemfanyia kwa kinu changu na mchi wangu?

Unijibu kweli. Usinipe tena ile huruma ya kufuta sufuria kwa kidole.

Kidawa


Maili Moja, Kibaha
Ijumaa, 19 Julai 2024

Shikamoo mama,

Nimekwenda kliniki na barua yako mkononi, nikamsomea nesi Atupele sehemu uliyoniagiza. Aliichukua akaisoma tena mwenyewe. Kisha akasema hivi, nakuandikia alivyosema bila kupunguza.

Amesema hajui. Na hakuna daktari atakayejua. Watoto wanachelewa kusema kwa sababu nyingi. Wengine ni masikio, wengine homa kali, wengine uzazi mgumu, wengine wamezaliwa hivyo. Inawezekana ule unga ulichangia. Inawezekana haukuhusika hata kidogo. Baada ya miaka thelathini na minane hakuna kipimo cha kurudi nyuma kuangalia. Nilimbana, mama, nikamwambia niambie hapana moja tu nimpelekee. Akasema, "Nikisema hapana nitakuwa namdanganya, na ndiyo nayo siijui."

Kwa hiyo sina jibu la kukupa. Ningekuwa nalo la uongo ningekupa mwezi uliopita. Leo sithubutu.

Lakini kuhusu dagaa alishika kichwa. Amesema, "Mkimbilie bibi huyo, asiwanyime watoto samaki!" Samaki wengi, hasa wadogo, zebaki yao ni chembe tu, na Mungu amewawekea ndani yao madini mengine yanayoitwa seleniamu, yanayoishika zebaki isitambe mwilini. Papa ndiye zebaki yake inaizidi hiyo kinga. Dagaa, vibua, perege wa bwawani, hao ni chakula cha ubongo wa mtoto, na mtoto asiyepata anadhurika kwa njia nyingine. Mimi mwenyewe ameniandikia dagaa mara tatu kwa wiki. Mrudishie mjukuu wa Zubeda tonge lake, mama.

Vailet bado. Jana tulikutana bombani, akaweka ndoo yake nyuma ya yangu. Joel alinicheka. Nikashindwa kumshika.

Msalimie shemeji Kondo. Msalimie sana.

Mwanao,
Tunu


Maneromango, Kisarawe
Ijumaa, 26 Julai 2024

Mwanangu Tunu,

Kwa Zubeda nimekwenda. Nimempelekea dagaa kibaba kizima na nimemwambia kweli nilikuwa nimerukwa na akili kidogo. Amecheka mpaka kanga ikamvuka. Huyo tumemaliza.

Hilo la nesi wako nimelipokea. Nilitaka hapana. Nikikosa hapana nilitaka hata ndiyo, nilie nimalize. Amenipa kitu cha katikati, na sijui nikiweke wapi. Nimekaa nacho siku tano, napika nacho, naswali nacho.

Jana baada ya alasiri nilimwita Kondo. Ukungu ulikuwa umeshuka mapema, uani hakuonekani kitu, ni sisi wawili tu kwenye mkeka kama tuko juu ya maji. Nikamwambia kila kitu. Papa, kinu, zebaki, waganga. Nikamwambia mwanangu, huenda ni mimi, na huenda si mimi, na hatutajua, na ninakuomba radhi kwa yote mawili. Mimi, Kidawa, nimemwomba radhi mtoto niliyemzaa. Sikuwahi kuona mzee yeyote akifanya hivyo.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Sidhani kama aliyashika yote, lakini lile la mtoto wa Kibaha aliyekula unga ule ule alilishika. Alinikamata mkono, akanikazia macho. Akauliza, "Anasema?"

Nikamwambia yupi? Akasema, "Mtoto. Anasema?"

Hakuuliza habari yake, Tunu. Miaka yote ile, na hakuuliza habari yake.

Nikamwambia nitamuulizia. Tangu jana kila nikipita ananiuliza lile lile, na usiku hakugusa chakula. Kwa hiyo Jumatano, Onesmo akiwa na safari ya ziada, nakuja naye. Nisamehe mkwe wangu, ila sitafikia kwako. Nitafikia kwa Vailet kwanza. Wewe ulibeba tu, samaki alikuwa wangu, na mtoto wa watu amekula kutoka mkononi mwangu. Akinifungia mlango nitakaa barazani. Umpelekee barua hii aisome, asije akashtuka kuona bibi kizee amejikunyata mlangoni kwake.

Mimi mama yako,
Kidawa


Maili Moja, Kibaha
Jumapili, 28 Julai 2024

Kwa Bi Kidawa,

Shikamoo bibi. Mimi ndiye Vailet. Hatujuani, lakini samaki wako nimemla sana, na alikuwa mtamu, huo ndio ukweli.

Tunu alinigongea juzi na barua yako. Nilitaka kumfungia mlango usoni, nikaona amesimama juani na lile tumbo, nikaona nisije nikapata kesi. Nikaichukua. Nimeisoma leo baada ya ibada, nikiwa bado na gauni la kanisani.

Mimi ni mtu wa hasira, bibi, sitakuficha. Bado nina hasira na Tunu, na yeye anajua. Angesema neno moja tu siku ile ya kwanza, yote haya yasingekuwepo. Wiki sita nimekuwa nikimwamsha Joel asubuhi namtazama mdomo. Namwambia sema mama, sema baba, sema taa. Ananitazama tu, ananicheka. Nikimwacha nakwenda kulia chooni ili asinione. Kwa hiyo lile swali la kaka Kondo mimi nalijua. Ndilo lililonitoa usingizini mwezi mzima, na sikujua kuna mtu mwingine duniani analiuliza.

Usikae barazani. Uje ndani. Utakula wali na perege, nesi ameruhusu, na Tunu nitamwita. Akae kimya lakini, aniache niongee mimi.

Barua hii naituma kwa basi la kesho alfajiri, na kaka Kondo mwambie hivi, papo hapo ikifika, usingoje mpaka Jumatano, ili ale chakula. Alhamisi jioni nilikuwa nafua, Joel yuko kwenye beseni tupu, paka akapita. Akanyoosha kidole, akasema "paka". Nilidhani nimesikia vibaya. Akasema tena, kwa nguvu, kama anayenigombeza, "Paka!" Nikaacha nguo, povu mpaka viwikoni, nikatoka mbio mpaka ukutani kwa Tunu nikapiga ngumi, na hatusemeshani, nikapiga hivyo hivyo.

Anasema, bibi. Mwambie anasema.

Vailet